Mlango wa Shule ya Uuguzi: Habari za Kindu na Maniema

Kila mwaka shule zinapokaribia kufunguliwa, wazazi wa Kindu hutuletea neno moja: "Mtoto wetu ataka kuwa mwuguzi. Akili anazo, moyo anao, lakini fedha hatuna. Tufanye nini?" Si neno jepesi, wala hatuwezi kulijibu kwa sentensi moja. Lakini twaona ya kuwa wengi wanaouliza hivyo hudhani kwamba zamani mambo yalikuwa rahisi, na kwamba mlango wa shule ya uuguzi ulikuwa wazi kwa kila mtoto mwenye bidii. Sivyo. Zamani mlango ule ulikuwa mwembamba mno, ila aliyeupita hakudaiwa kitu. Tena alilishwa na kuvikwa. Siku hizi mlango umepanuliwa, lakini hapo kizingitini amekaa mtu wa kutoza fedha. Badiliko hilo halikuja kwa siku moja. Lina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita hapa kwetu Maniema, kando ya Lualaba, kwenye reli, kwenye migodi ya bati na katika vijiji vya Kasongo.

Kwanza tuseme kidogo juu ya jina. Katika vitabu twaandika mwuguzi. Lakini ukifika kijijini, huko Punia au Kabambare, ukauliza nyumba ya mwuguzi, utaonyeshwa nyumba ya "munganga". Daktari naye huitwa munganga. Wageni wengine hucheka wakisema watu wa kwetu hawajui tofauti. Sisi hatucheki. Kwa miaka mingi huko vijijini hapakuwa na daktari mwingine ila huyo mwuguzi, na watu walimpa jina kufuata kazi waliyoiona kwa macho yao.

Wanafunzi wa kwanza

Swali la nani alipe masomo ya uganga lilianza mapema sana katika nchi zetu hizi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mahali paitwapo Karema, alikaa mtu mmoja jina lake Adrien Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akaibiwa na wafanya biashara ya watumwa akingali mtoto, kisha akakombolewa na Mapadri Weupe. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika hilo, alitaka Waafrika wenyewe wafundishwe uganga ili wawatibu Waafrika wenzao. Basi Atiman akapelekwa kusoma katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema mwaka wa 1889, akawatibu watu huko hata alipokufa mwaka wa 1956. Miaka 67! Katika masomo yake hakulipa kitu, wala ukoo wake haukulipa, maana ukoo hakuwa nao tena. Shirika lilimlipia yote, na shirika ndilo lililomwonyesha mahali pa kufanya kazi. Hapo twaona mfano wa mapatano ambayo baadaye yalienea kila mahali: anayelipa ndiye anayemchagua mwanafunzi, na ndiye anayempeleka anakotaka.

Huku kwetu uganga wa Kizungu ulikuja nyuma ya ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ni malale, uliowaua watu wengi sana katika Kongo ya Mfalme Leopold. Mwaka wa 1903 shule ya magonjwa ya nchi za joto ya Liverpool, huko Uingereza, ilituma waganga wake kuja kuuchunguza. Wawili kati yao, Dutton na Todd, wakapanda mto mpaka Maniema. Njiani walichunguza pia homa inayoletwa na kupe, na homa hiyo hiyo ikawashika wote wawili. Todd alipona. Joseph Everett Dutton akafa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa bado kijana.

Baadaye madaktari wa serikali waliendesha vita na malale kijiji kwa kijiji. Daktari mmoja aliweza kupapasa shingo za watu kutafuta tezi zilizovimba, lakini peke yake hakuweza kuchunguza damu ya watu wote kwa mikroskopu, wala kuwachoma sindano wote, wala kuandika majina yao. Alihitaji mikono. Hivyo vijana wakachukuliwa na kufundishwa kila mmoja kazi yake: huyu mikroskopu, huyu sindano, huyu daftari. Hawakukalishwa darasani. Walifuata msafara wa daktari, wakala posho, wakapata mshahara mdogo. Hiyo ndiyo shule ya kwanza ya uuguzi katika vijiji vyetu. Aliyeingia alihitaji miguu yenye nguvu, macho mazuri na kujua kusoma kidogo.

Reli, bati na posho

Mwaka wa 1902 ilianzishwa kampuni ya reli ambayo sisi sote twaijua kwa herufi tatu, CFL. Kindu ikawa mahali pa kukutania: meli za mtoni zilizotoka Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, zilishusha mizigo hapa, na gari la moshi likaichukua kwenda Kongolo. Penye reli pana ajali, na penye wafanyakazi wengi pana wagonjwa. Dekreti ya mwaka wa 1922 juu ya mikataba ya kazi ilimlazimisha bwana wa kazi kumpa mtu wake chakula na matunzo ya uganga. Kisha likaja bati. Kampuni ya Symétain iliundwa mwaka wa 1932, na Kalima ikawa mji wa wachimbaji. Kampuni za namna hiyo zilihitaji wauguzi kama zilivyohitaji mafundi wa mashine, kwa hiyo ziliwafundisha wasaidizi wao papo hapo kazini, zikawalipa. Hatusemi kwamba zilifanya hivyo kwa huruma. Mchimbaji mgonjwa hachimbi, na hesabu ya kampuni haikuwa na siri.

Serikali nayo iliweka shule za wauguzi karibu na hospitali zake kubwa, na misheni zikafanya vivyo hivyo, Wakatoliki na Waprotestanti. Huko Yakusu, chini kidogo ya Stanleyville, Wabatista walikuwa na hospitali. Daktari Clement Chesterman, aliyefika mwaka wa 1920, aliwafundisha vijana wa nchi, kisha akawatuma kwenye zahanati za vijijini wakakae huko na kutibu. Katika shule za namna hii mwanafunzi alilala bwenini, akala posho, akapewa nguo. Baba yake hakuuza mbuzi.

Je, si ilikuwa heri? Tusiharakishe kujibu. Tuangalie kwanza ni nani aliyeweza kufika mlangoni.

Shule za msingi zilikuwa karibu zote mikononi mwa misheni. Mtoto aliyetaka kwenda mbele alihitaji cheti cha shule hizo, na mara nyingi alihitaji pia barua ya padri au ya mwalimu kushuhudia mwenendo wake. Sasa, Maniema ni nchi yenye Waislamu wengi tangu enzi za Nyangwe na Kasongo ya Tippu Tip. Wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa kwamba mtoto akiingia shule ya misheni atatoka na dini nyingine, na hofu yao haikuwa bure. Basi mtoto akabaki nyumbani, akasoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na mlango wa uuguzi ukafungwa mbele yake kabla hajajua kwamba upo. Hili latupasa kulisema waziwazi katika gazeti kama letu: nusu ya vijana wenye akili wa Kasongo na Kibombo hawakuonekana hata kidogo na wale waliokuwa wakitafuta wanafunzi, kwa kuwa waliotafuta walitafuta katika shule zao tu. Tukisema nusu hatufanyi hesabu. Twataka kusema ya kuwa walikuwa wengi.

Tena palikuwa na lugha. Madarasa ya kwanza yalifundishwa kwa Kiswahili, lakini vitabu vya uuguzi vilikuwa vya Kifaransa. Mvulana aliyeteuliwa aliongezewa Kifaransa. Msichana hakuongezewa. Yeye alifundishwa kushona, kupika, kutunza nyumba, na kusoma Kiswahili cha kutosha barua na sala. Kwa hiyo kazi ya uuguzi, ambayo huko Ulaya ilikuwa zaidi ya wanawake, huku Kongo ikawa ya wanaume. Wasichana wachache walichukuliwa na masista katika nyumba za uzazi wakawa wasaidizi wa wakunga. Walifanya kazi usiku na mchana, na hakuna aliyewaita munganga.

Na aliyetaka kupanda juu zaidi? Katika miaka ya 1930 zilifunguliwa shule za wasaidizi wa madaktari, moja Léopoldville na nyingine Kisantu. Ile ya Kisantu ilikuwa chini ya FOMULAC, shirika la uganga lililoanzishwa mwaka wa 1926 na Chuo Kikuu cha Louvain. Masomo yalikuwa miaka sita, na miaka miwili ya mwisho ilikuwa ya kazi hospitalini chini ya daktari. Tufuate njia ya kijana wa Kindu aliyekubaliwa Kisantu. Apanda meli mpaka Ponthierville, kilomita karibu 300. Hapo mto una maporomoko, basi apanda gari la moshi kilomita 125 mpaka Stanleyville. Huko apanda meli nyingine, ashuka mto Kongo zaidi ya kilomita 1,700 mpaka Léopoldville. Halafu gari la moshi tena, njia ya Matadi, ashuke Kisantu. Amevuka nchi nzima. Mama yake aliyebaki Kindu hakujua kama atamwona tena kabla ya miaka kadhaa. Ndiyo maana tunasema mlango ulikuwa mwembamba: haukuuzwa, lakini ulikuwa mbali, na nafasi zake zilihesabika kwa vidole.

Mwaka wa 1960 na baada yake

Tarehe 30 Juni 1960, nchi ilipopata uhuru, hapakuwa na daktari hata mmoja Mkongo aliyekwisha kumaliza chuo kikuu. Walikuwako wasaidizi wa madaktari, na walikuwako wauguzi. Mwezi wa Julai askari walipoasi, Wabelgiji wengi wakakimbia, na kati yao madaktari wengi. Shirika la Afya la Ulimwengu likaleta madaktari wa nchi nyingine, likawapeleka pia zaidi ya wasaidizi 100 wa madaktari Ufaransa wakamalize masomo ya udaktari. Lilikuwa shauri jema. Lakini kwa muda hospitali nyingi zikapoteza wale waliojua kazi kuliko wengine, na mzigo ukaangukia wauguzi waliobaki. Mtu aliyefundishwa kufunga vidonda na kugawa kinini akajikuta ndiye mkubwa wa hospitali.

Hapa Kindu mambo yalikuwa mazito kupita kiasi. Mwezi wa Novemba 1961 waliuawa hapa Waitalia 13 wa ndege za Umoja wa Mataifa, habari iliyotangazwa ulimwenguni kote. Mwezi wa Julai 1964 Wasimba wakauteka mji, wakakaa mpaka mwanzo wa Novemba. Katika miezi hiyo kujua kusoma na kuandika kukawa hatari. Makarani, walimu na watumishi wa serikali waliitwa adui, na wengi wakauawa. Twaomba msomaji afikiri maana yake kwa shule. Kumfundisha karani au mwuguzi mmoja kulichukua miaka. Kumpoteza kulichukua dakika moja. Na wazazi walioyaona hayo, wengine walijiuliza kama ni vema kumsomesha mtoto.

Habari ya Kasongo

Baada ya giza hilo Maniema ilitoa jambo moja ambalo latupasa kujivunia, na ajabu yake ni kwamba vijana wetu wengi hawalijui. Tangu mwaka wa 1971 madaktari wa Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji, walifanya kazi Kasongo pamoja na watu wa nchi kujaribu mpango mpya. Badala ya kuwarundika wagonjwa wote katika hospitali moja, walijenga vituo vya afya katika vijiji, kila kituo na watu wake wanaojulikana. Na nani aliyekiongoza kituo? Si daktari. Mwuguzi! Daktari alimtembelea, akaketi naye, akatazama daftari lake, akamwuliza kwa nini alimpa mgonjwa fulani dawa fulani. Waliandika pia maelekezo ya hatua kwa hatua: mtoto akija na homa, tazama hiki kwanza, ukiona hiki, fanya hivi, ukiona kile, mpeleke hospitali.

Twalipenda jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, wauguzi wale hawakuwa wote wa shule ndefu. Wengine walikuwa na masomo machache, lakini shule yao haikwisha siku walipopewa cheti. Iliendelea pale kituoni, bila minervali, kila daktari alipokuja. Pili, walifanya kazi ambayo ulimwengu uliisoma. Mwaka wa 1981 gazeti la waganga liitwalo The Lancet lilichapa uchunguzi uliofanywa Kasongo juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wadogo, na waganga wa nchi nyingi waliujadili kwa miaka. Mfano wa Kasongo ulitumika serikali ilipoigawanya nchi nzima katika zoni 306 za afya katika miaka ya 1980. Kila mara mtu anapotaja zoni ya afya, ajue ya kuwa wazo hilo lilitembea kwa miguu katika vijiji vya Maniema kabla ya kuandikwa katika karatasi za Kinshasa.

Kwa hiyo palikuwa na wakati ambapo njia nyingine ilionekana: mwuguzi achaguliwe na kufundishwa kwa ajili ya watu fulani, na kazi imngoje.

Fedha ilipoyeyuka

Njia hiyo haikufungwa na wauguzi. Ilifungwa na fedha. Mwaka wa 1967 nchi ilipoanza kutumia zaire, zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Mwaka wa 1993 serikali ilipoleta noti mpya, zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani 3,000,000. Kati ya miaka hiyo miwili mshahara wa mwalimu na wa mwuguzi uliyeyuka kama chumvi katika maji. Shule za misheni zilichukuliwa na serikali mwaka wa 1974, zikarudishwa kwa mapatano ya mwaka wa 1977, lakini zilirudi bila fedha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walimu waligoma. Ili watoto wasikae nyumbani, wazazi walikubali kumlipa mwalimu wenyewe. Ilisemwa kwamba ni kwa muda tu. Muda huo ukawa kizazi kizima.

Shule za uuguzi zilifuata mkondo huo huo. Bweni lilikwisha, posho ilikwisha, na kila kitu ambacho zamani kililipwa na serikali, na kampuni au na misheni kikahamia mfukoni mwa mzazi. Kampuni nazo zilikuwa zinakufa. Migodi ya Maniema na Kivu iliunganishwa kuwa SOMINKI mwaka wa 1976, na bei ya bati ilipoanguka katika miaka ya 1980 haikuinuka tena kama zamani.

Kisha vita. Mwezi wa Oktoba 1998 Kindu ilitekwa na RCD, na kwa miaka kadhaa mji ulikuwa kama kisiwa. Treni haikuja, meli haikuja, na kwenda shambani kulikuwa hatari. Mwaka wa 2004 treni ya kutoka Lubumbashi ilipoingia tena Kindu, watu walitoka kuishangilia kama ndugu aliyefufuka.

Hesabu ya siku hizi

Leo Kindu ina shule za sekondari za uuguzi, na ina Institut Supérieur des Techniques Médicales ambayo sote huiita ISTM. Kijana haitaji tena kuvuka nchi mpaka Kisantu. Baada ya miaka miwili ya kwanza ya sekondari aweza kuingia shule ya uuguzi ya miaka minne, atoke mwuguzi wa A2. Au amalize sekondari yoyote, apate diploma ya serikali, kisha aingie ISTM. Wasichana wamejaa darasani. Mtoto wa Mwislamu na mtoto wa Mkristo hukaa benchi moja. Haya ni mema makubwa, na anayetamani siku za zamani ayakumbuke kwanza.

Lakini tuchukue mfano wa binti mmoja wa Alunguli, ng'ambo ya mto. Mji wetu hauna daraja. Kila asubuhi binti huyo lazima avuke Lualaba kwa mtumbwi, na nauli ya mtumbwi hailipwi mara moja kwa mwaka. Hulipwa kwenda na kurudi, kila siku. Hiyo haimo katika karatasi ya shule. Katika karatasi kuna fedha za kuandikishwa, minervali na fedha za mtihani. Nje ya karatasi kuna blauzi nyeupe, viatu, saa yenye mshale wa sekunde ya kuhesabia mapigo ya moyo, kipimo cha homa, kipimo cha damu, daftari la staji, na fedha ambazo hospitali nyingine hudai ili zimpokee mwanafunzi wa staji. Mwisho kuna kitabu cha kumaliza masomo, ambacho lazima kipigwe chapa na kufungwa. Mzazi huambiwa bei ya mlango, hupanga hesabu yake kwa bei ya mlango, na mwaka wa pili anagundua kwamba nyumba ina vyumba vingi na kila chumba kina mlango wake. Kwa maoni yetu hapo ndipo watoto wengi wanapoanguka, katikati ya safari, baada ya familia kuuza ilichokuwa nacho. Kuna shule, hatutaitaja, tulikoona wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakitolewa nje asubuhi ya mtihani kwa deni dogo lililobaki. Mwalimu aliyewatoa naye hakuwa amelipwa. Ni vigumu kujua umkasirikie nani.

Na fedha zatoka wapi? Mama auza mchele na mafuta ya mawese sokoni, aingia likelemba na wenzake, na zamu yake ikifika yote huenda shuleni. Kaka huendesha toleka, zamani kwa kinga, siku hizi kwa pikipiki. Mjomba aliyeko machimboni hutuma kitu akipata, na mara nyingi hapati. Mwanafunzi mwenyewe huuza vitu vidogo jioni, na usiku akiwa na tochi husoma majina ya mifupa.

Tungenyamaza hapa kama mwisho wa shida ungekuwa siku ya diploma. Sivyo. Wauguzi wengi huanza kazi bila namba ya serikali, na asiye na namba hana mshahara. Wengine hukaa hivyo miaka mingi, wakigawana kilichotolewa na wagonjwa. Sasa msomaji aone jinsi mambo yanavyoshikana. Mwuguzi wa zamani alisomeshwa na mwingine, akatumwa Lubutu au Punia, akaenda, kwa kuwa mshahara ulimfuata huko. Mwuguzi wa leo amesomeshwa kwa mchele wa mama yake. Anadaiwa na nyumba nzima, na kijiji cha msituni hakina cha kumlipa. Atakaa Kindu, ambako wagonjwa wana fedha kidogo, hata kama katika kituo hicho wauguzi wamezidi. Watu husema vijana wa siku hizi hawapendi kijiji. Labda wako wasiopenda. Lakini sisi tumeongea na wengi wao, na neno tulilosikia mara nyingi si kwamba hawapendi kijiji. Ni kwamba hawawezi kurudi nyumbani mikono mitupu.

Kuna jambo lingine linakuja. Mwezi wa Septemba 1919 hapakuwa na shule ya bure kwa watoto wote wa nchi hii. Mwezi wa Septemba 2019, miaka mia baadaye, shule ya msingi ilitangazwa kuwa ya bure. Walioingia darasa la kwanza mwaka ule walimaliza darasa la sita mwaka wa 2025. Ni wengi kuliko waliowatangulia, na kati yao wamo watoto wa wakulima ambao nyumbani mwao hapajatoka msomi. Miaka miwili tu ya sekondari huwatenga na shule ya uuguzi, na hapo bure itakuwa imekwisha.

Wengine husema serikali irudishe bweni na posho. Tungefurahi, lakini hatuoni dalili. Twaona mambo mawili yaliyo karibu zaidi. La kwanza ni lile la Kasongo: vijiji vya zoni moja vimchague kijana wao, vimchangie kwa mpunga na mafuta, naye aahidi kwa maandishi kurudi kwao miaka kadhaa. Lakini ahadi hiyo ni bure kama vijiji havitamtunza akirudi, basi mapatano yaandikwe pande zote mbili, mbele ya daktari wa zoni.

La pili ni dogo, na hatujui kwa nini halijafanywa kila mahali. Shule hufunguliwa Septemba, mvua zinapoanza, wakati mkulima wa Maniema anatoa mbegu ghalani na kupanda mpunga. Ni mwezi ambao nyumba haina kitu. Mpunga huvunwa karibu na Noeli na baada yake, na hapo kwa majuma machache kila nyumba ina cha kuuza. Fedha ya kwanza ya shule, iliyo kubwa kuliko zote, hudaiwa Septemba. Mzazi hukopa kwa mfanya biashara kwa ahadi ya mpunga ambao haujaota, kwa bei anayoitaka mfanya biashara, na wakati wa mavuno magunia huondoka bila kupita nyumbani. Mkuu wa shule akikubali kupokea fedha kidogo Septemba na sehemu kubwa mwezi wa Januari, hatapoteza hata faranga moja. Na akikubali kuupokea mpunga wenyewe, kwa bei ya soko, atakuwa na chakula cha walimu wake.